Ufadhili wa michezo Marekani si lazima uwe wa bure kabisa

Tangu enzi za mwanariadha Mkenya Henry Rono pale chuo kikuu cha Washington State miaka ya 1970, wengi huamini kwamba kijana akiwa na mbio tu, chuo cha Marekani kitamsomesha bure miaka minne. Mara nyingi sivyo. Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliruhusu timu ya riadha ya wanaume, daraja la kwanza (la juu kabisa), ufadhili kamili 12.6 tu (ndiyo, na nukta yake), na kocha akaugawa vipande: huyu nusu karo, yule vitabu. Kuanzia 1973 hadi 2012 ulitolewa mwaka mmoja mmoja. Tangu 2025, vyuo vilivyokubali mfumo mpya wa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja vinawekewa ukomo wa idadi ya wanamichezo katika timu, si wa idadi ya ufadhili. Kiasi cha ufadhili huamuliwa na bajeti. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa.