192 kHz haisafishi sauti

Kwaya zinazokuja studio hapa Kirumba, Mwanza, zina ombi moja: "Prodyuza, turekodie kwa 192 ili sauti itoke safi." Mwalimu kaambiwa hivyo na mtu, naye kashikilia hapohapo. Namba hiyo ni kiwango cha sampuli, yaani kompyuta inapima wimbi la sauti mara 192,000 kwa sekunde. Haisafishi chochote, na inanisikitisha kuona watu wanailipia.

Ili kunasa sauti yoyote, unahitaji sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa. Sikio la kijana hukomea karibu 20 kHz. La mtu mzima halifiki hata hapo. Kwa hiyo 44.1 kHz, kiwango cha CD zilizoingia sokoni mwaka 1982, tayari kinabeba yote utakayosikia. Wengi hudhani sampuli zikiwa chache, wimbi linabaki na mapengo. Hapana. Mradi masafa yako chini ya nusu ya kiwango, wakati wa kucheza linarudi wimbi lilelile, laini. Kinachoongezeka ni ukubwa wa faili: dakika moja ya maiki moja kwa biti 24 (tarakimu za kila sampuli) na 48 kHz ni kama MB 8.6, kwa 192 ni karibu MB 35. Weka maiki nane, kompyuta inaanza kukwama katikati ya kiitikio.

Halafu mvua ikipiga bati, 192 inainasa pia. Feni vilevile. Zima feni, tundika mablanketi mazito ukutani, sogeza maiki karibu na waimbaji, subiri mvua ipite. Usafi unatoka huko.

Eti biti 24 zinaifanya sauti iwe nzito? Hapana, zinashusha kelele ya chini. Kila biti inaongeza kama desibeli 6 kati ya kelele hiyo na sauti kubwa kabisa: biti 16 zinakupa kama 96, na 24 ni 144 kwa hesabu, ingawa saundi kadi nzuri (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) huishia karibu 120. Faida yake unaiona kwenye ngoma za bugobogobo, mchezo wa Wasukuma, mpigaji akipandwa na mzuka na kipigo kimoja kikaruka juu ya vyote. Shusha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki), vilele vicheze karibu na desibeli -12, usiogope, kelele iko chini sana. Vikigonga sifuri, ukomo wa juu, sauti inapasuka, na hairudi.

Wanaosema 32 floti (biti 32 zinazohifadhi hata namba zilizovuka sifuri) haipasuki wako sahihi ndani ya programu tu. Kwa saundi kadi ya kawaida, ukizidisha geini mlangoni, faili inahifadhi mpasuko huohuo.

Kugeuza MP3 ya WhatsApp, faili iliyopunguzwa, kuwa WAV (faili isiyopunguzwa) ya 96 kHz hakurudishi kilichokatwa. Mwombe aliyetengeneza mdundo akupe WAV yenyewe, na umuulize kiwango chake: mdundo wa 44.1 ukichezwa kama 48 bila kubadilishwa unakimbia kwa karibu asilimia 9, ki inapanda, na soprano wanashindwa kufika.

Mimi narekodi kwa biti 24 na 48 kHz, maana kila kwaya itataka video, na video hutumia 48.