Makutupora Nyekundu: uliza imevunwa msimu gani

Mvinyo mwekundu wa Dodoma unaouzwa hapa Dar mara nyingi hutokana na Makutupora Nyekundu, zabibu yenye jina la eneo lililo kaskazini mwa Dodoma mjini, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Wanywaji huuliza kama ni mtamu au mkavu, yaani usio na utamu wa sukari. Mimi ningeanza na msimu wa mavuno.

Dodoma haina baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akishapogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana kuna mavuno mawili: ya masika, karibu na Machi, na ya kiangazi, Agosti hadi Septemba. Ya masika yana taabu. Punje hunywa maji na sukari hupungua, huku ubwiri (ugonjwa wa ukungu) na uozo vikishambulia vichala, na mkulima mwenye hofu huvuna kabla havijaiva. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita ya mchuzi, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, hutoa takriban asilimia 1 ya kilevi. Mchuzi wa gramu 210 hufika 12, wa gramu 170 huishia 10, tena mwepesi na mkali wa uchachu. Kiangazi, jua la mchana hujaza sukari na ubaridi wa usiku wa Juni na Julai hutunza uchachu. Kwangu mimi, huo ndio mvinyo wa kununua.

Lakini hata mzuri huharibikia Dar. Chupa iliyokaa dirishani juani hupikika: kizibo husukumwa juu, shingo hunata, rangi pembeni mwa glasi hugeuka kahawia, na harufu huwa ya jamu. Usiinunue, hata kwa punguzo.

Kwenye nyuzi 30, kilevi hupanda puani na kufunika harufu ya tunda. Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa mbili hivi, uinywe ikiwa na nyuzi 15 hivi. Ikibaki, ifunge na uirudishe friji; mkavu umalize ndani ya siku 3, maana hewa na bakteria huugeuza siki. Mkavu unapendeza na mishkaki isiyo na pilipili nyingi, kwani ukakasi wake na kilevi huzidisha mwako mdomoni. Kama kachumbari ni kali, fungua ule mtamu, na uupoze zaidi.