Je, wajua? Kwa nini nchi huafikiana "modus vivendi" badala ya mkataba

Modus vivendi ni Kilatini, yaani namna ya kuishi. Katika diplomasia ni makubaliano ya muda kati ya pande ambazo bado hazijamaliza ugomvi wao, ila hazitaki uwaharibikie zaidi wakati suluhu inatafutwa.

Faida yake ya kwanza: hakuna anayeachia dai lake. Dhahabu ya Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ilipovuta maelfu ya watu kupita milima ya mpakani mwa Alaska na Kanada, kila upande ulikuwa na mstari wake kwenye ramani. Tarehe 20 Oktoba 1899, Marekani na Uingereza, iliyokuwa ikiisemea Kanada, zikakubali mpaka wa muda upite vileleni mwa njia za Chilkoot na White Pass, bila kuathiri madai ya yeyote. Uamuzi wenyewe ulitolewa na baraza la usuluhishi tarehe 20 Oktoba 1903.

Faida ya pili haisemwi sana: bunge hukwepwa. Mkataba kamili kwa kawaida husubiri kuridhiwa, ilhali modus vivendi mara nyingi huhitaji serikali kuandikiana tu. Mfano mzuri uko kwetu kusini. Januari 1890 Uingereza iliitishia Ureno iondoe askari wake bonde la Shire, katika Malawi ya leo, na Mashonaland, katika Zimbabwe ya leo. Agosti mkataba wa mipaka ukatiwa saini London, lakini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilichemka kwa hasira na bunge la huko halikuuridhia. Basi tarehe 14 Novemba serikali hizo zikaafikiana modus vivendi ya miezi sita: mipaka ya Agosti iheshimiwe, na mito Zambezi na Shire ipitike. Ukiutazama vizuri, ni mkataba uleule uliokataliwa, umevishwa kanzu nyingine. Wamang'anja na Wayao wa Shire hawakuulizwa mara zote mbili.

Amani yenyewe haikukamilika. Mei 1891 Wareno na askari wa kampuni ya Cecil Rhodes, mkoloni tajiri wa Kiingereza, walipigana Macequece, huko Manica katika Msumbiji ya leo, na mkataba wa kudumu ukaja Juni 11.

Hata hivyo, "muda" hauna urefu maalumu. Modus vivendi ya Desemba 1901, iliyoruhusu vijana wa kusini mwa Msumbiji kuandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya Transvaal, katika Afrika Kusini ya leo, ilitumika hadi mkataba wa 1909 ulipochukua nafasi yake.