Umeme husafiri kwa kasi gani kwenye waya?

Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kusini mwa Moshi, kama kilomita 50 ukipima kwa mstari ulionyooka. Mtambo wake unapoingiza umeme kwenye gridi, msukumo wake hufika Moshi kwa takriban sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Kwenye nyaya za nguzoni kasi hiyo hukaribia ile ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya nyumba, ambako waya umevikwa plastiki, hushuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo. Mwaka 1850, Wafaransa Fizeau na Gounelle waliipima kwenye nyaya za telegrafu, wakapata takriban kilomita 180,000 kwa sekunde kwenye shaba na 100,000 kwenye chuma.

Wengi huishia hapo, wakidhani elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba mkondo ndani ya waya, ndizo zinazokimbia hivyo. Elektroni zenyewe hujikokota mno. Chukua birika la umeme la wati 2,000 lililounganishwa kwa waya wa shaba wa milimita za mraba mbili na nusu, ule ambao mafundi hutumia kwenye soketi. Mkondo wake ni kama ampea 9. Kama mkondo huo ungekwenda upande mmoja tu, elektroni zingesogea kama robo ya milimita kwa sekunde, na kutoka meni swichi hadi jikoni, mita 10, zingetumia saa 11. Nani angesubiri chai hiyo?

Chai huiva mapema kwa sababu waya haukuwa mtupu kabla ya kuwasha. Ni kama mpira wa kumwagilia migomba ambao tayari umejaa maji: ukifungua bomba, maji hutoka papo hapo upande wa pili, ingawa yale ya bombani bado yako mbali. Kwenye waya, elektroni zimejaa tangu kiwandani. Unapobonyeza swichi, uga wa umeme, yaani eneo la nguvu ya umeme, huenea kandokando ya waya na kuzisukuma zote karibu kwa wakati mmoja. Uga huo ndio unaobeba nishati.

Tena umeme wetu wa majumbani, wa hezi 50, hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Elektroni huenda na kurudi pale pale, mwendo usiofika hata sehemu ya mia ya milimita. Na kuna jambo ambalo mimi naona lingefundishwa mapema zaidi shuleni: koili mbili za transforma ya mtaani, yaani misokoto yake ya waya, hazigusani. Nishati huvuka kutoka moja hadi nyingine kwa usumaku. Kwa hiyo elektroni zilizo kwenye waya wa nyumba yako hazijatoka bwawani wala hazitafika huko.

Hapo tunaweza kujibu malalamiko ya watu wa mwisho wa laini, kuanzia vijiji vya Kibosho hadi pembezoni mwa Arusha: taa hufifia saa moja jioni, na maelezo ya mtaani ni kwamba umeme umechoka njiani kwa kutoka mbali. Msukumo umefika kwa wakati. Tofauti ya kufika kwao na kwa jirani aliye chini ya transforma ni ndogo mno kuhisiwa na mtu. Kinachopungua ni volti. Kila mita ya waya ina ukinzani wake, yaani huuzuia mkondo kidogo, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo volti nyingi zaidi zinavyopotea humo, na nishati yake hugeuka joto. Jioni, wote wanapowasha pasi na majiko, mkondo huongezeka, na wa mwisho hubaki na kidogo. Dawa yake ni waya mnene zaidi au transforma iliyo karibu zaidi. Ukitaka uhakika, mwombe fundi apime volti kwenye soketi mara mbili, saa nane mchana na saa mbili usiku, kisha alinganishe na volti 230 zinazotakiwa.