Mstari ukikatika kwenye skani, neva haijakatika

Wengi mshaziona zile picha za ubongo zenye nyuzi za rangi, nyekundu, kijani na buluu, zinapendeza mno, na mtu akiziona mara ya kwanza anaamini kabisa kwamba mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za mwili kwa sumaku, imepiga picha ya neva. Haijapiga. Hamna hata neva moja iliyopigwa picha pale. Mi kazi yangu ya kila siku ni kuchora hizo nyuzi, hasa za njia ya kuona, kutoka jichoni mpaka kisogoni, na leo nataka niwaeleze zinatoka wapi manake kuna kosa moja la kuzisoma ambalo linaweza kumgharimu mtu sehemu ya uoni wake.

Kinachopimwa ni maji. Mwilini maji hayatulii, kila molekuli inahangaika huku na huku kwa sababu ya joto tu, na ndani ya milisekunde 50 inakuwa imesogea kama mikromita 10 hivi (mikromita 1,000 ndo milimita 1). Sasa chukulia watu wamefungwa vitambaa machoni wakawekwa kwenye korido nyembamba, kila mtu anatembea ovyo, akigonga ukuta anageuka. Ukirudi baada ya muda ukaangalia wamefika wapi utakuta wametawanyika kwa urefu wa korido, kwa upana hawajaenda popote, kwa hiyo hata kama kuta zenyewe huzioni ushajua korido imelala upande gani. Aksoni, yaani ule uzi mrefu wa seli ya neva, ndo korido yenyewe. Utando wake, pamoja na ile ala ya mayelini inayouzunguka, unayazuia maji yasiende pembeni ila kwa urefu yanapita.

Mashine inayajuaje haya? Inawasha mteremko wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayozidi kadiri unavyosogea, kuelekea upande mmoja kwa muda mfupi sana, kila molekuli inapata alama kulingana na pale ilipo, alafu inawasha wa pili wa kuifuta ile alama. Molekuli iliyobaki palepale inafutiwa yote na ishara yake inarudi na nguvu, iliyohama inafutiwa nusunusu na ishara inafifia. Kwa hiyo penye giza ndipo maji yalipotembea zaidi, kitu ambacho wanaoanza kujifunza kinawachanganya sana. Wazo hili ni la Stejskal na Tanner, 1965, wakati ambao hakukuwa hata na MRI ya wagonjwa. Denis Le Bihan akaliingiza kwenye picha za ubongo wa binadamu katikati ya miaka ya 1980, na 1994 Peter Basser na wenzake wakaja na hesabu ya tensa: unapima pande tofauti tofauti, angalau 6, kisha kila kipande cha ubongo unakipa umbo kama yai, likivutika upande mmoja unajua nyuzi zimelala huko. Rangi zinatoka hapo: nyekundu ni kushoto na kulia, kijani mbele na nyuma, buluu juu na chini. Kompyuta inaanzia kwenye nukta uliyoichagua, inafuata ncha ya yai mpaka yai linalofuata na linalofuata, na mstari unazaliwa. Hiyo ndo traktografia.

Ila angalia vipimo. Kipande kimoja cha picha, tunakiita vokseli, kwa skani nyingi za hospitali kina milimita 2 kila upande, na aksoni nyingi hazizidi mikromita chache kwa unene. Kwenye neva ya macho hiyo maana yake mamia ya maelfu ya aksoni ndani ya vokseli moja, na zote kwa pamoja zinatoa jibu moja la wastani.

Njia ya kuona naipenda kuliko njia zote za ubongo kwa sababu jibu lake tunalijua tayari, watu wameshaipasua na kuichora kwa zaidi ya karne. Kila jicho linatoa aksoni kama milioni 1. Zinasafiri sentimita chache zinafika kiasma, pale zinapokutana za kushoto na za kulia, na zile zinazotoka nusu ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) iliyo upande wa pua, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya zote, zinavuka kwenda upande wa pili, nyingine zinabaki upande wao. Zinaendelea mpaka kituo kidogo kwenye thalamasi, iliyo ndani katikati ya ubongo, kinachoitwa LGN, cha tabaka 6, pale ishara inapokelewa na seli nyingine ambazo nyuzi zake zinatandaa kwa upana kwenda koteksi ya kuona, yaani tabaka la nje la ubongo linaloshughulika na kuona, huko kisogoni. Huo mtandao wa mwisho ndo radiesheni ya optiki. Kwa hiyo nikichora nikaona kitu tofauti na hicho kwa mtu mzima asiye na shida, najua ni mbinu imekosea, si ubongo wake.

Na mbinu inakosea. Neva yenyewe ndani ya tundu la jicho ni nyembamba, milimita 3 au 4, imezungukwa na maji na mafuta, inacheza kila jicho linapocheza, na pembeni yake kuna sainasi zilizojaa hewa ambayo inapinda picha mpaka neva inaonekana haipo mahali pake. Tunazima ishara ya mafuta, tunarudia skani kwa mwelekeo wa kinyume ili kompyuta ihesabu mpindo na kuunyoosha, mgonjwa tunamwomba atulize macho. Inasaidia, haimalizi. Kwenye kiasma ni pagumu zaidi manake nyuzi zinazovuka na zisizovuka zimebanana ndani ya vokseli chache tu, na tensa inayojua kutoa jibu moja inatoa umbo bapa kama sahani, mwelekeo hauna. Mtu anaweza kukuletea ramani inayoonyesha karibu hakuna nyuzi zilizovuka na asishtuke.

Lakini panaponinyima usingizi ni kitanzi cha Meyer. Ni jina la Adolf Meyer aliyekieleza mwaka 1907. Zile nyuzi za chini za radiesheni zikitoka LGN haziendi kisogoni moja kwa moja, zinaanza kwa kwenda mbele, zinaingia kwenye sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja, zinazunguka pembe ya chemba ya maji iliyopo pale, ndo zinageuka kurudi nyuma. Na sehemu hiyohiyo ya panja ndo madaktari wa upasuaji wanaikata kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa ambacho dawa zimeshindwa. Ukikata kitanzi upande wa kushoto mtu anapoteza robo ya juu ya kulia, kwa macho yote mawili. Uoni wa katikati unabaki, anasoma, anatambua nyuso, lakini kitu kikitokea juu kulia hakipo mpaka ageuze kichwa, na sehemu nyingi sheria za udereva zinahesabu hilo. Ncha ya kitanzi iko mbele kiasi gani? Inatofautiana mtu na mtu kwa zaidi ya sentimita 1, kwa hiyo kitabu hakitoshi, unahitaji ramani ya huyu mgonjwa mwenyewe.

Hebu tukae mbele ya skrini kidogo. Naweka nukta za kuanzia pembeni mwa LGN, naweka lango kisogoni kwamba mstari usiofika pale utupwe, naendesha programu kwa mipangilio ya kawaida ya tensa: mstari usimame ukikuta mpangilio dhaifu, usimame ukipinda kwa kasi kupita digrii 45. Radiesheni inatokea, nene, safi, kijani tupu inakwenda nyuma. Kitanzi kidogo sana au hakipo. Bila shaka hakipo, nimeiamuru kompyuta isipinde halafu natafuta kitu ambacho sifa yake ni kupinda! Isitoshe palepale kwenye kona zinapita nyuzi nyingine nene zinazounganisha panja na paji la uso, jibu la wastani linavutwa kwao, mstari wetu ama unakufa ama unadandia gari la watu wengine na kuishia mbele ya ubongo ambako kuona hakuhusiki.

Sasa mtu asiyejua anaitazama ile picha safi, anaona mbele ya mstari wa mwisho kuna nafasi tupu, anasema hapa hamna neva tunaweza kukata. Hapo ndo kosa lenyewe. Ile nafasi ni pale programu ilipokata tamaa, aksoni zimeendelea zake.

Dawa yake ipo na ina gharama zake. Unachukua skani yenye pande nyingi, mi chini ya 60 siridhiki, na mteremko mkali zaidi, kisha badala ya tensa unatumia hesabu inayokubali vokseli moja iwe na mielekeo miwili au mitatu, na ufuatiliaji wa uwezekano ambao unatuma maelfu ya mistari kila mmoja ukijaribu njia tofauti kidogo. Kitanzi kinatokea, ncha inasogea mbele mahali anatomia inapotaka iwe. Ila inakuja na mistari ya uongo. Kwenye utafiti uliochapishwa 2017 vikundi 20 vya utafiti vilipewa data ambayo jibu lake lilijulikana kabla, mafungu mengi ya kweli waliyapata lakini kwa wastani mafungu yasiyokuwepo yalikuwa mengi kuliko ya kweli. Kwa hiyo kila mstari naukagua kwa anatomia, unaovuka kwenda upande wa pili natoa, unaopanda paji la uso natoa.

Na tafadhali msihesabu mistari mkadhani mmehesabu neva. Mistari 3,000 badala ya 5,000 inaweza kutokana na nukta chache zaidi za kuanzia, au skani iliyotikisika, basi. Wala maji hayasemi ishara inakwenda upande gani: miunganisho mingi inayoingia LGN haitoki jichoni hata kidogo, inarudi kutoka koteksi, na kwenye ramani huwezi kuitofautisha na inayokwenda.

Kwa hiyo ninapomkabidhi daktari wa upasuaji ramani simpi picha ya rangi peke yake. Napima milimita kutoka ncha ya mbele ya panja mpaka ncha ya kitanzi nilichokipata, napima mara mbili kwa mbinu mbili, naandika ile iliyo mbele zaidi, naongeza milimita kadhaa mbele yake, na hiyo sehemu niliyoongeza naichora kwa rangi yake tofauti ili akiwa chumba cha upasuaji aione kama neva na si kama nafasi tupu.