Kudhibiti si kuzuia

Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa shule moja huku Mikindani, Mtwara, mwalimu alikuwa akimpigia kelele binti anayekimbia mita 1500: "Mdhibiti yule! Mdhibiti, asikupite!" Binti akatii. Kila akiingia kwenye kona anageuza shingo kumtafuta mwenzake, bega linafuata shingo, mguu unakanyaga chokaa. Alipogeuka mara ya tatu, mwenzake akampitia upande ule ambao hakuwa anautazama. Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Kudhibiti ni kukishika kitu barabara, kiende unavyotaka. Kwa mwanamichezo ni kushughulika na yaliyo mikononi mwake, yaani mazoezi, usingizi, pumzi na kasi, na kutojitwika yasiyo yake: mpinzani, mwamuzi, jua, matokeo. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo.

Tatizo liko kwenye neno. Asili yake ni Kiarabu, dhabata, kushika kwa nguvu na kwa uhakika. Ndugu yake tunaye siku zote: madhubuti. Kamba madhubuti ni iliyosukwa ikashikana yenyewe, hakuna iliyemzuia. Wamisri wakiagiza kahawa yenye sukari ya kadiri, isiyozidi wala kupungua, huiita kwa neno hilohilo la madhubuti. Ukiliangalia neno kwa mizizi yake, linahusu kitu kukaa sawasawa kabla ya kuhusu mtu kukomeshwa. (Thabiti ni la mzizi mwingine kabisa, ingawa masikioni yanafanana.)

Nadhani najua kuzuia kumeingilia wapi. Huku kwetu, msimu wa korosho ukifika, redio haichoki: kudhibiti kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, kudhibiti utoroshaji. Hapo anayesema ni serikali, yenye sheria na askari, na kukomesha ni kazi yake. Sina ugomvi na matumizi hayo. Lakini binti wa sekondari hana mamlaka yoyote juu ya miguu ya mwenzake. Kitenzi ni kilekile; kinachobadilika ni nani anadhibiti nini, na ukikosea hapo umempa mtoto kazi isiyofanyika.

Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, ndiye ninayemkumbuka kila nikilisikia neno hili. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1500 na kubaki mbele hadi mwisho: dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker, wa pili, naye alimaliza kwa muda mfupi kuliko rekodi ya zamani. Yaani Bayi hakumzuia Walker hata kidogo; Walker alikimbia mbio nzuri mno. Bayi alishika mwendo wake mwenyewe, akawaachia wengine waamue watafanya nini nao.

Halafu ikaja 1976. Nchi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal, Tanzania ikiwemo, na Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 Bayi akiwa hayupo. Hilo halikuwa mikononi mwa Bayi. Mwaka 1980, Moscow, alikuwa kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, anaongoza tena kama ilivyo desturi yake. Malinowski wa Poland akampita katika mzunguko wa mwisho, Bayi akarudi nyumbani na medali ya fedha.

Mwalimu wangu wa Mikindani, najua unampenda yule binti, maana sauti ilikuwa imekukauka. Jumamosi ijayo usimwambie amdhibiti mwenzake. Mwambie adhibiti mzunguko wa kwanza, na shingo yake.