UTI sugu yako, ilishawahi kuoteshwa?

Nipo maabara ya hospitali, kazi yangu kila siku ni mikojo, damu na majimaji ya ukeni, na maneno ninayoyasikia sana pale dirishani ni haya, "mimi nina UTI sugu". Nikiuliza nani kakwambia ni sugu, anasema nimeshameza dawa mara nne haiponi. Nikiuliza tena, mkojo wako ulishawahi kuoteshwa? Hapo wengi wananiangalia tu, maana hawajawahi kusikia kwamba mkojo unaoteshwa maabara kuona kama una bakteria.

Tuanze na UTI yenyewe ni nini. Ni maambukizi kwenye njia ya mkojo, yaani figo, mirija inayoshuka kutoka kwenye figo, kibofu, na ule mrija wa kutolea mkojo nje, basi. Ukeni sio njia ya mkojo, kizazi sio njia ya mkojo. Mara nyingi anayesababisha ni bakteria anaitwa E. koli ambaye makazi yake ni utumbo wako wewe mwenyewe, anatoka njia ya haja kubwa anasogea mbele anapanda kibofuni, na kwa mwanamke safari yenyewe ni fupi mno kwa sababu mrija wake una kama sentimita 4 tu wakati wa mwanaume unafika 20 hivi. Ndo maana dada zetu wanaumwa zaidi, na ndo maana kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma kunasaidia, na kukojoa baada ya tendo pia. Lakini ile ya "nimeipata choo cha stendi" ndugu zangu, bakteria wa UTI harukii mtu kutoka kwenye sinki la choo.

Dalili zake, kukojoa kunachoma, unaenda chooni kila baada ya muda mfupi na kinachotoka ni matone, mkojo unakubana ghafla, chini ya kitovu kunauma, mara nyingine unaona damu. Ikipanda figoni inakuja na homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu au mgongo upande mmoja, hapo usipitie duka la dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sasa angalia, hapo sijataja uchafu unaotoka ukeni, sijataja harufu, muwasho wala kidonda. Ukiona hivyo vitu sio UTI inayokusumbua, au sio UTI peke yake.

Shida inaanzia kwenye kipimo. Mtu ana homa na mwili kuchoka, anapima mkojo, anaambiwa kuna seli za usaha kidogo, anatoka na UTI na taifodi na mfuko wa dawa. Zile seli chache mara nyingi zimetoka nje, zimeoshwa na mkojo wakati unapita, kwa sababu mgonjwa kapewa kopo na hakuna aliyemwelekeza. Mkojo wa kupima unachukuliwa hivi: nawa mikono, jisafishe kwa maji, mwanamke tenganisha mashavu ya uke, mwaga mkojo wa mwanzo chooni, kinga ule wa katikati kwenye kopo safi la maabara bila kugusa ndani, wa mwisho mwaga. Ufike maabara ndani ya masaa 2. Kopo la mafuta ya nywele ulilosuuza nyumbani haliwezi kutupa jibu la kweli, na naomba usijisikie vibaya tukikurudisha.

Kuotesha ni kuweka mkojo kwenye chakula cha bakteria, tunasubiri siku 2 au 3, kikiota kitu tunakijaribu na dawa mbalimbali tuone ipi inakiua. Utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda uliwaotesha mkojo watu waliofika vituoni na dalili za UTI, na waliokutwa kweli na bakteria walikuwa chini ya nusu. Fikiria sasa wangapi wanameza dawa za ugonjwa wasio nao! Na dawa zenyewe watu wanajichagulia, azuma siku 3, kumbe azithromaisini sio dawa ya UTI ya kawaida, flajili nayo haimgusi E. koli kabisa. UTI ya kibofu isiyo na matatizo mengine kwa mwanamke mara nyingi inaisha kwa nitrofurantoini ya siku 5, ambayo daktari anakuandikia, sio sindano za wiki nzima. Na kama huna dalili yoyote na sio mjamzito, bakteria waliokutwa kwenye mkojo kwa kawaida hawahitaji dawa. Mjamzito ni tofauti, yeye anatibiwa hata kama hasikii kitu kwa sababu inaweza kupanda figoni na kuleta uchungu kabla ya wakati.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Unakuta mkojo una usaha mwingi kweli lakini ukioteshwa hauoti kitu. Hapo sisi tunawaza magonjwa ya zinaa, yaani klamidia, kisonono, trikomona, au mara chache TB ya figo, kwa sababu klamidia haioti kwenye kipimo cha kawaida cha mkojo, ina kipimo chake. Lakini mtu kashazoea kuita UTI kwa sababu UTI inatamkika mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, haina aibu. Afu anatibiwa peke yake, anarudi nyumbani kwa mwenzake ambaye hajatibiwa na mara nyingi hana dalili yoyote, wiki 2 mbele inachoma tena, inaitwa sugu. Sio sugu, umerudishiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 peke yake maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomona, na yote manne yanatibika.

Kisonono kwa mwanaume hakijifichi sana, ndani ya siku chache usaha unatoka na kukojoa ni moto, lakini mwanamke anaweza kukaa nacho miezi hajui mpaka kimepanda kwenye mirija ya uzazi, na mirija ikiziba ndo hapo mtu anatafuta mtoto miaka. Dawa ya sipro, kisonono kilishaizoea sehemu nyingi duniani, kwahiyo sasa hivi ni sindano ya seftriaksoni. Klamidia ni doksisaiklini siku 7 kwa asiye mjamzito. Kaswende inaanza na kidonda kisichouma, kinapona chenyewe na watu wanashangilia, kumbe mdudu yumo, anakuja kutokea kama vipele mpaka viganjani na kwenye nyayo, na kwa mjamzito anaweza kuua mtoto tumboni wakati sindano ya penisilini inatosha kumaliza. Mje wawili, mtibiwe wote, msikutane kimwili kwa siku 7, na mpime VVU hapohapo. Sisi maabara hatuulizi nani kamletea nani.

Harufu ya samaki na majimaji ya kijivu mara nyingi ni bakteria wa ukeni wamevurugika, na uchafu kama maziwa mgando wenye muwasho ni fangasi, hayo hayahesabiwi magonjwa ya zinaa. Ila ukiendelea kuingiza sabuni, shabu na maji ya chumvi ndani unaua bakteria wazuri wanaokulinda na yatarudi tu.

Na kama umekulia Pemba, Unguja, Shinyanga au popote watu wanapooga madimbwini na kulima mpunga, mkojo wenye damu unaweza kuwa kichocho, ambacho kwa wanawake kinaleta vidonda kwenye shingo ya kizazi na wengi wanatibiwa miaka kama wana gonjwa la zinaa. Mwambie daktari ulikokulia. Mkojo wa kutafuta mayai ya minyoo ya kichocho lete kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndo muda yanatoka kwa wingi, na hapa tunautaka mpaka tone la mwisho, usimwage kitu.